Kumbukumbu Zetu: Kwa Nini Wawili Walioona Jambo Moja Hulisimulia Tofauti

Somo la kujifunza pamoja katika familia, vikundi na kamati za wakaaji



Katika somo hili tunaangalia jinsi kumbukumbu ya mwanadamu inavyofanya kazi. Huenda mtauliza: sisi tuliohama makwetu, tunaotafuta shamba, dawa na ada ya shule, somo hili litatusaidia nini? Jibu letu ni fupi. Mengi tunayodai, na mengi tunayogombania, yamesimama juu ya kumbukumbu. Nani alikuwa akilima hapa kabla ya watu kukimbia? Nani alifika kwanza? Nani alitufukuza, na nani alituficha nyumbani kwake? Tusipojua kumbukumbu inavyofanya kazi, tunaweza kumwita mkweli mwongo. Tena tunaweza kumfuata mtu anayetupotosha.

Someni kwa sauti, mtu mmoja baada ya mwingine, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

MFANO: DADA WAWILI NA STESHENI YA LIKASI

Mfano huu tumeutunga sisi wenyewe kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo yanafanana na yale ambayo familia nyingi zimepitia.

Dada wawili wanaishi karibu na ziwa Tshangalele. Mkubwa anauza samaki, mdogo analima mihogo. Mwaka 1992 walikuwa watoto mjini Likasi. Mkubwa alikuwa na miaka 13, mdogo miaka 6. Baba yao alizaliwa Likasi, lakini babu yao alitoka Kasai. Siku moja familia ilitolewa nyumbani kwa nguvu, ikaenda kulala stesheni pamoja na maelfu ya watu wengine, kungojea treni. Miaka mingi baadaye dada hawa walirudi Katanga.

Kamati ya mtaa iliwaita ili kuandika habari za familia yao. Mwandishi akauliza: "Siku mliyofika stesheni, hali ilikuwaje?"

Mkubwa akajibu: "Jua lilikuwa kali. Vumbi lilikuwa jingi, mama alitufunika nyuso kwa kitenge."

Mdogo akasema: "Hapana, Yaya. Tulifika mvua ikinyesha. Naona hata sasa maji yakipita chini ya mkeka wetu."

Mwandishi akaweka kalamu chini. "Mama zangu, mmoja wenu anasema uongo. Rudini nyumbani mkapatane, kisha mje."

Njiani dada hao hawakusemeshana. Mkubwa aliona mdogo wake amemwaibisha mbele ya watu. Mdogo aliona kwamba hata machozi yake ya utotoni sasa yanakataliwa.

Je, ni nani alisema uongo? Tutarudi kwao baadaye.

YALIYOTOKEA

Kwa ajili ya vijana ambao hawakuwepo, tukumbushane kwa ufupi. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai kuja kwenye migodi na viwanda vya Katanga. Reli ya kutoka Bukama hadi Ilebo ilikamilika mwaka 1928, na safari ikawa rahisi zaidi. Watoto na wajukuu wa wafanyakazi hao walizaliwa hapa, katika mji ambao wakati huo uliitwa Jadotville na leo unaitwa Likasi.

Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwenye asili ya Katanga. Wanasiasa walikuwa wamekwisha kuwasha moto wa chuki kati ya jamii hizi mbili. Katika majuma yaliyofuata, watu wenye asili ya Kasai walishambuliwa na kufukuzwa katika nyumba zao Likasi. Maelfu walilala stesheni na katika mashule, wengine kwa miezi mingi. Wengi walikufa huko na ndani ya treni, hasa watoto. Mwezi wa Machi 1993 mambo kama hayo yalifika Kolwezi. Katika miaka ya 2000, vita vya Mai-Mai katika maeneo ya Mitwaba, Manono na Pweto viling'oa familia nyingine tena.

Hayo yalitokea kweli, wala hatuyatilii shaka. Tunachojifunza leo ni jinsi yanavyokaa ndani ya vichwa vya walioyaona.

KUMBUKUMBU SI PICHA

Wengi wetu tunafikiri kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa sandukuni. Ukifungua sanduku, unaikuta kama ulivyoiacha. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu, wamegundua kwamba sivyo. Kumbukumbu hupitia hatua tatu:

1. Kupokea. Macho, masikio na pua hupokea mengi kwa wakati mmoja, lakini akili huchagua machache tu. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni humwangalia mtoto na njia. Hahesabu idadi ya wanaomfukuza.

2. Kuhifadhi. Yale machache yaliyopokelewa huunganishwa na mambo tuliyoyajua tangu zamani. Mengine hupotea.

3. Kurudisha. Tunapokumbuka, akili hukusanya vipande na kujenga habari upya. Mahali palipo na pengo, huliziba kwa jambo ambalo lingefaa kuwapo hapo. Mtu mwenyewe hajui kwamba ameziba pengo. Kwake yote ni kumbukumbu.

Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, Frederic Bartlett, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi ya Wahindi wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawaomba waisimulie tena baada ya muda. Hadithi ilibadilika. Mtumbwi wa wenyeji ukawa mashua. Kuwinda sili, mnyama wa baharini, kukawa kuvua samaki. Mambo yaliyokuwa mageni kwao yaliondoka, na mambo waliyoyazoea yakaingia. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja aliijenga hadithi kwa matofali ya nyumbani kwake.

Fikirini juu ya ziwa letu. Mtoto aliyezaliwa kando ya Tshangalele anadhani maji haya yamekuwapo tangu mwanzo wa dunia. Kumbe ziwa hili lilifanywa na watu. Mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta kule Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Chini ya maji kuna ardhi iliyokuwa kavu. Ndivyo kumbukumbu zetu zilivyo. Yanayoonekana juu leo yamefunika mengine yaliyo chini, na yote mawili ni kweli.

AINA MBALIMBALI ZA KUMBUKUMBU

Kumbukumbu haiko ya aina moja tu. Tuangalie nne:

• Kumbukumbu ya muda mfupi: namba ya simu unayoambiwa ukaiandika mara moja. Hukaa kitambo kidogo tu, nayo haibebi mengi.

• Kumbukumbu ya matukio: siku ya harusi yako, siku ya kukimbia.

• Kumbukumbu ya maarifa: Likasi iko Katanga, mihogo michungu hulowekwa kabla ya kusagwa. Unajua, lakini hukumbuki siku uliyojifunza.

• Kumbukumbu ya mikono: kushona wavu, kuendesha baiskeli, kusonga bukari.

Tunajuaje kwamba aina hizi ni tofauti? Mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison, alipasuliwa kichwa mwaka 1953 ili aponywe kifafa. Madaktari waliondoa sehemu za ubongo ndani ya pande zote mbili za kichwa, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Mtu aliyezungumza naye akitoka nje na kurudi, alikuwa mgeni tena. Hata hivyo, Brenda Milner, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi Kanada, alimfundisha kuchora umbo huku akiangalia mkono wake katika kioo. Siku baada ya siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kwamba amewahi kujaribu. Alifariki mwaka 2008.

Kwetu sisi funzo ni hili: mzee aliyesahau majina na tarehe bado anaweza kuwa na mengi mikononi mwake. Mpeni wavu, jembe au chungu. Mara nyingi mikono ikianza kazi, maneno nayo hufuata.

KUSAHAU NI KAZI YA KAWAIDA YA AKILI

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akatoa kitabu juu ya matokeo yake. Aliona kwamba tunasahau kwa haraka sana katika saa ya kwanza na siku ya kwanza. Baadaye kusahau huenda polepole. Aliona pia kwamba kurudia jambo mara kadhaa, huku siku zikipita katikati, hulifanya likae.

Lakini silabi zisizo na maana si sawa na maisha. Yule Bartlett tuliyemtaja alifika Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 inaitwa Eswatini. Huko alimwuliza mchungaji mmoja juu ya ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla. Mchungaji alieleza rangi za ng'ombe, waliowauza na bei, akakosea mambo madogo mawili tu. Watu walidhani ana akili ya ajabu. Bartlett alisema hapana: kwa Waswazi ng'ombe ni maisha, na mtu hukumbuka sana kile anachokijali.

Kwa hiyo msishangae mkulima anapokumbuka kila mti wa mpaka wa shamba lake, lakini hajui tarehe ya kukimbia. Ukimpima kwa tarehe, utamwona mjinga. Ukimwuliza juu ya miti, utajua kweli alikuwa pale.

SWALI LINAWEZA KUBADILISHA JIBU

Sehemu hii inawahusu zaidi viongozi na wale wanaoandika habari za watu.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali ya motokaa. Wanafunzi 50 waliulizwa motokaa zilikuwa na mwendo gani "zilipogongana". Wengine 50 waliulizwa zilikuwa na mwendo gani "zilipopondana". Hamsini waliobaki hawakuulizwa juu ya mwendo. Baada ya juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Katika kundi lililosikia neno "zilipogongana", 7 walisema waliviona. Katika kundi lililosikia neno "zilipopondana", 16 walisema waliviona. Neno moja lililo kali zaidi liliingia katika kumbukumbu na kukaa humo kama kitu kilichoonwa kwa macho.

Sasa fikirini juu ya mtu anayeandika habari za waliokimbia. Akiuliza, "Je, waliochoma nyumba zenu walikuwa vijana wa jamii fulani?", amekwisha kumpa mtu jibu. Akiuliza, "Uliona nini?", amemwachia nafasi ya kukumbuka. Swali la kwanza laweza kuongeza adui ambaye hakuwapo. Baada ya kurudiwa mara tatu au nne, yule aliyeulizwa ataapa kwamba alimwona.

HOFU INAVYOGUSA KUMBUKUMBU

Wakati wa hatari kubwa, akili hushika jambo moja na kuliacha jingine. Aliyeelekezewa bunduki huweza kuikumbuka bunduki vizuri kabisa, asikumbuke uso wa aliyeishika. Mpangilio wa mambo nao huweza kuvurugika: lililokuja mwisho linawekwa mwanzo. Tunapoona habari ya mtu aliyeteswa ina mapengo, tusikimbilie kusema amebuni.

Tena kuna kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa. Honi ya treni, harufu ya moshi wa majani au kelele za vijana barabarani humrudisha mtu pale pale. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, usingizi unakosekana. Hilo si wazimu wala udhaifu. Ni mwili unaojaribu kujilinda dhidi ya hatari iliyopita. Kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita, hasa wakipata usalama, kazi na watu wa kukaa nao. Ikiendelea kwa muda mrefu na kumzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi, apelekwe kituo cha afya.

Zamani wengine walifikiri kwamba kila aliyeona mabaya lazima asimulie yote haraka. Leo mashauri ni tofauti. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake mwaka 2011, unafundisha mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama na mahitaji ya mtu. Sikiliza akitaka kusema, wala usimlazimishe. Muunganishe na ndugu zake na wanaoweza kumsaidia.

KUMBUKUMBU ZA JAMII NZIMA

Hapa Katanga, Waluba walikuwa na kifaa kiitwacho lukasa. Ni kipande cha ubao cha kushikwa mkononi, chenye shanga, kauri au alama zilizochongwa. Watu waliofundishwa katika chama cha Mbudye, walioitwa bana balute, yaani watu wa kumbukumbu, walipitisha kidole juu ya shanga na kusimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Shanga haikusema maneno. Iliamsha kumbukumbu tu, na msimulizi aliyajenga maneno kulingana na waliokuwa wakimsikiliza. Wazee hao walijua tangu zamani jambo ambalo vitabu vya saikolojia vilikuja kulisema baadaye.

Sisi nasi tuna lukasa zetu: funguo za nyumba iliyokwisha kuuzwa na wengine, kipande cha reli, jina la mtaa, wimbo wa kanisani. Kila kimoja huamsha habari. Na kila jamii huchagua shanga zake.

Katika familia zenye asili ya Kasai, watu wanakumbuka stesheni. Katika familia nyingi za wenyeji wa Katanga, watu wanakumbuka jinsi kampuni ilivyoleta watu kutoka mbali, na jinsi wazazi wao walivyoona kazi nzuri zikienda kwa wengine. Kusema hivi si kusema kwamba mambo hayo mawili yanalingana. Kukosa kazi si sawa na kumzika mtoto kando ya reli. Lakini ikiwa kila upande unapitisha kidole juu ya shanga zake tu, watoto wa pande zote mbili watakua wakiwa na nusu ya habari.

Sikilizeni pia neno "sisi". Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 anasema, "Sisi tulifukuzwa mwaka 1992." Anasema kweli kuhusu familia yake, lakini yeye hakuwapo. Anayo kumbukumbu ya kuambiwa. Kumbukumbu ya namna hiyo ina uchungu wa kweli, lakini haina zile habari ndogo ndogo ambazo aliyekuwapo anazo: jirani aliyepitisha chakula usiku, polisi aliyegeuza uso, rafiki wa jamii nyingine aliyetunza cherehani ya mama. Hizo ndizo za kwanza kupotea wakati habari inapohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Na anayetaka kuwaingiza vijana vitani hupenda kumbukumbu ambazo habari kama hizo zimekwisha kuondolewa.

JE, USHUHUDA HAUNA THAMANI?

Wengine watasema: kama kumbukumbu hukosea, basi tusiwaamini waliofukuzwa. Hilo ni kosa kubwa. Mtu anaweza kukosea siku, mvua au rangi ya gari, na bado jambo lenyewe likawa kweli kabisa. Dawa ya udhaifu wa kumbukumbu moja ni kumbukumbu nyingine, pamoja na maandishi na vitu vinavyoonekana.

Ndivyo ilivyofanyika katika ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, juu ya makosa mazito yaliyofanyika nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Waliofanya kazi hiyo walizungumza na mashahidi zaidi ya 1,280 na kusoma hati zaidi ya 1,500. Walieleza matukio 617. Walitaka kila tukio lithibitishwe na zaidi ya chanzo kimoja, vyanzo visivyotegemeana. Hawakutupa ushuhuda kwa sababu mtu alikosea siku. Walitafuta wa pili.

Jambo hili linatuhusu hata leo. Mwezi wa Desemba 2022 Kongo ilipata sheria ya kuwalinda na kuwalipa fidia wahanga wa ukatili wa kijinsia unaohusiana na vita na wa makosa mengine mazito, na mfuko wa taifa uitwao FONAREV upo kwa kazi hiyo. Mahali popote habari za watu zinapoandikwa, namna ya kuuliza inaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa viongozi na waandishi:

• Anza na swali lililo wazi: "Tueleze unayoyakumbuka." Acha mtu amalize kabla ya kuuliza jingine.

• Sikiliza kila mtu peke yake kwanza. Wakisikilizana mapema, kumbukumbu ya mwenye sauti kubwa huwameza wengine.

• Andika mbali mbali: aliyoyaona, aliyoyasikia siku ile, na aliyoambiwa baadaye. Yote yana nafasi yake.

• Usimpime mtu kwa tarehe. Uliza juu ya majira: mahindi yalikuwa yamefikia wapi? Shule zilikuwa zimefunguliwa?

• Habari zikitofautiana, andika zote mbili. Usiwaambie watu wakapatane kwanza. Ushuhuda uliopatanishwa nyumbani umekwisha kupoteza nguvu.

• Usimlazimishe anayelia aendelee. Mpe maji, kaa naye, mwulize kama angependa kurudi siku nyingine.

Kwa familia:

• Andikeni mapema, hata kwa penseli katika daftari la mtoto. Wekeni tarehe ya kuandika na jina la anayesimulia.

• Wazee wasimulie na mema waliyotendewa na watu wa upande mwingine, pamoja na mabaya.

• Mtoto akiuliza jambo usilolijua, sema, "Hilo sikuliona, niliambiwa." Hayo ni maneno madogo, lakini yanamfundisha mtoto kutofautisha.

TUNARUDI KWA WALE DADA

Tuseme sasa mwandishi mwingine aliwaita tena, mmoja mmoja. Hakuuliza juu ya siku ya kufika. Alisema tu: "Mama, tueleze maisha ya pale stesheni."

Mkubwa alisimulia juu ya vumbi na kitenge. Walitoka nyumbani mwezi wa Septemba, kabla ya mvua. Kisha akaeleza jinsi walivyongojea, treni zikija chache, watu wakizidi. Mdogo alisimulia juu ya usiku mmoja: maji chini ya mkeka, mama akimshika kaka yao mdogo mwenye homa, na asubuhi kaka hakuamka. Hakujua ni mwezi gani. Alijua tu kwamba mvua ilinyesha.

Mwandishi aliandika yote mawili, akaelewa. Mvua kubwa za Likasi huanza baada ya Septemba, na familia ilikaa stesheni kwa miezi. Mkubwa alikumbuka siku ya kufika. Mdogo, aliyekuwa na miaka 6, alikuwa amebeba usiku wa msiba, na akili yake iliufanya usiku huo kuwa mwanzo wa kila kitu, kwa sababu kwake maisha mengine yalianzia hapo. Hakuna aliyesema uongo. Na kama yule mwandishi wa kwanza angepata alichotaka, mmoja wao angenyamaza, na jina la mtoto yule lisingeandikwa popote.

Mkubwa aliposomewa maneno ya mdogo wake, alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Nilikuwa nimelala usiku ule. Sikujua kwamba aliona."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, mmewahi kugombana nyumbani kwa sababu mlikumbuka jambo moja kwa namna tofauti? Mlimaliza vipi?

2. Watu watatu wasimulie, kila mmoja peke yake, tukio moja ambalo wote walikuwapo, kwa mfano siku ya kufika hapa mnapokaa. Kisha linganisheni. Nini kimefanana? Nini kimetofautiana? Je, kuna aliyesema uongo?

3. Ni "shanga" gani ambazo jamii yenu hupenda kuzishika? Ni zipi mmeziacha?

4. Tajeni mtu wa jamii nyingine aliyewasaidia siku za shida. Je, watoto wenu wanalijua jina lake?

5. Kiongozi wa kikundi aulize jambo moja kwa namna mbili, kwa swali lililo wazi na kwa swali lenye jibu ndani yake. Majibu yalitofautianaje?

Wapendwa, hatuwaombi msahau. Anayewaambia wahanga wasahau hawatakii amani. Tunawaomba mkumbuke kwa uangalifu, mmoja akimsaidia mwingine, ili watoto wetu wapokee habari nzima. Someni somo hili pamoja na jirani ambaye hakukimbia njia moja na ninyi, na mwanze na swali la nne.